Kichwa kinawasha, uso unababuka: tafuta chanzo kabla ya kuongeza dawa

Kama umeshafikia dawa ya nne au ya tano na kichwa bado kinawasha, huenda dawa zote hizo zilikuwa nzuri, ila zilikuwa za ugonjwa mwingine. Mba, mapunye, mzio wa rangi ya nywele, soriasisi na ngozi iliyochoshwa na sabuni, yote hayo yanawasha na yote yanaweza kutoa magamba. Huwezi kuyatofautisha kwa kujikuna. Yanajulikana kwa mahali yanapokaa, kwa sura ya magamba yenyewe, na kwa siku yalipoanza.

Nimeishi na magamba ya kichwani na kwenye nyusi kwa miaka mingi. Kosa langu la kwanza ndilo ninaloliona kwa karibu kila anayeniuliza: nilidhani ngozi imekauka, nikawa naipa mafuta. Magamba yalilainika kwa siku mbili, nikaamini nimepata dawa, kisha yakarudi mengi kuliko mwanzo, nami nikaongeza mafuta.

Anza kwa kupumzisha ngozi

Kwa wiki mbili, acha kila kitu ambacho hakikuandikwa na daktari. Acha skrabu, tona, mafuta ya kupaka kichwani, jeli ya kulaza nywele, na losheni zenye manukato. Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na kisafishio laini kisicho na povu jingi. Ukihitaji cha kulainisha ngozi, paka kitu chenye viambato vichache. Jeli ya petroli ya kawaida inatosha kwa sehemu zilizokauka.

Sababu ni hii. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo cha uasidi, namba ikiwa ndogo uasidi ni mwingi) ni kama 4.5 hadi 5.5. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10. Ukiosha uso nazo mara tatu kwa siku, unaondoa mafuta yanayoshikilia seli za juu, ngozi inapata nyufa usizoziona, na kila unachopaka baadaye kinachoma. Wapo wanaopona kwa hatua hii peke yake. Kwao ugonjwa ulikuwa ni huko kuosha kupita kiasi.

Tahadhari moja tu: kama umekuwa ukipaka usoni krimu ya kung'arisha ngozi au krimu yenye steroidi (dawa inayozima mwasho na uvimbe) kwa miezi, usiiache ghafla kabla hujasoma sehemu yake hapa chini.

Katika wiki hizo mbili, chukua daftari. Andika ni wapi hasa panawasha: utosini, kisogoni, nyuma ya masikio, kwenye kope, pembeni mwa pua, kwenye ndevu. Andika pia ulibadilisha nini katika mwezi uliotangulia, hata vitu vinavyoonekana havihusiki kama rangi ya kucha au foronya mpya. Piga picha kwenye mwanga wa mchana. Na kama ngozi yako ni nyeusi, usitafute "wekundu" unaotajwa kwenye maelezo mengi ya tiba. Kwako mwasho utaonekana kama zambarau, kijivu, kahawia iliyokolea, au mabaka yaliyopauka kuliko ngozi ya jirani. Watu wengi wanaambiwa hawana kitu kwa sababu tu aliyewatazama alikuwa anatafuta rangi isiyokuwepo.

Magamba ya mafuta kichwani, kwenye nyusi na pembeni mwa pua

Hili ndilo tatizo la wengi. Magamba ni ya manjano au meupe yenye unyevu wa mafuta, yanakaa kichwani, kwenye nyusi, kwenye mikunjo inayoshuka kutoka puani kwenda mdomoni, nyuma ya masikio na ndani yake, kwenye ndevu, wakati mwingine katikati ya kifua. Kwenye ngozi nyeusi yanaweza kuacha mabaka yaliyopauka, mengine yenye umbo la pete. Likiwa jepesi na la kichwani tu tunaliita mba. Likizidi na kushuka usoni, madaktari wanaliita dematitisi ya seboria. Ni ugonjwa uleule kwa viwango tofauti.

Mhusika ni fangasi aitwaye Malassezia. Anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, kwa hiyo hukuambukizwa na mtu wala huna uchafu. Kinachotofautiana ni namna ngozi yako inavyompokea. Fangasi huyu hawezi kujitengenezea mafuta anayohitaji, anayala yale yanayotoka kwenye tezi zako, na mabaki yake ndiyo yanayoiudhi ngozi. Maabara zinapotaka kumkuza, mara nyingi humwekea mafuta ya zeituni. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kumimina mafuta ya mimea kwenye kichwa chenye mba na kuyaacha usiku kucha ni kumwandalia karamu. Jeli ya petroli na mafuta ya madini hayamlishi kwa namna hiyo.

Kichwa kilichokauka kweli kina magamba madogo, makavu, yanayopeperuka kama vumbi, na mara nyingi mikono na miguu nayo imepauka. Kichwa chenye mba kina magamba yanayonata ukiyasugua kati ya vidole. Kipimo hicho cha vidole si cha hospitali, lakini kinasaidia.

Tiba ni shampuu yenye dawa: ketokonazoli asilimia 2, au seleniamu salfaidi, au zinki pirithioni. Kwa ketokonazoli utaratibu wa kawaida ni mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Baada ya hapo, mara moja kila wiki moja au mbili ili isirudi. Mwenye nywele za kipilipili au zilizosukwa hahitaji kuosha mara nyingi hivyo, mara moja kwa wiki inaweza kutosha, mradi dawa ifike kwenye ngozi. Dawa iwe ya ngozi, urefu wa nywele upate kondishena yake. Seleniamu isuuzwe vizuri, maana inaweza kubadilisha rangi ya nywele zilizopauka au zilizotiwa rangi.

"Nimeitumia, haikufanya kazi." Nasikia hivyo mara nyingi, na nikiuliza jinsi ilivyotumika nakuta mojawapo ya haya. Iliwekwa na kusuuzwa papo hapo, wakati inahitaji kukaa dakika tatu hadi tano juu ya ngozi. Au iliishia kwenye nywele, ngozi haikuguswa. Hapa gawa nywele mistari kwa mistari na utumie ncha za vidole, si kucha. Au kichwa kiliposafika mtu aliacha kabisa, na fangasi, ambaye hakuondoka kwa sababu haondoki, akarudi baada ya mwezi. Au kulikuwa na ganda nene juu, dawa ikaishia kwenye ganda. Ganda kama hilo lainisha kwanza kwa mafuta ya madini kwa saa chache, au tumia shampuu yenye asidi ya salisiliki, kisha osha kwa ile ya dawa. Ukiwa umefanya yote haya kwa wiki nne bila nafuu, jaribu aina nyingine moja ya dawa. Ikishindikana tena, inawezekana kabisa si mba.

Kwa uso, krimu ya ketokonazoli kwenye nyusi na pembeni mwa pua ndiyo ya kutegemea. Haidrokotisoni asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, inatuliza haraka kukiwa kunawaka sana, lakini ni ya siku chache, si ya kuwekwa kwenye meza ya kujipambia kwa mwaka mzima. Mabaka yaliyopauka hayaondoki siku ile magamba yanapoondoka. Rangi hurudi taratibu, kwa wiki au miezi. Usiyasugue na usiyatafutie krimu nyingine.

Ugonjwa huu unafuata mwili: kukosa usingizi, msongo wa mawazo na baridi kavu huuamsha. Ukilipuka ghafla kwa mtu mzima, ukawa mkali na kusambaa bila kusikia dawa, ni vizuri kupima VVU, kwa sababu hutokea zaidi na kwa ukali zaidi kwa watu ambao kinga yao imeshuka. Nasema hivi si kwa kutisha. Anayejua mapema hutibiwa mapema, na ngozi yake nayo hupona.

Utando wa manjano kichwani mwa mtoto mchanga ni ndugu wa ugonjwa huuhuu. Kwa kawaida hauwashi na huisha wenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Lainisha, osha kwa shampuu ya watoto, chana kwa brashi laini, usibandue kwa kucha.

Magamba mazito, meupe kama fedha, yanayovuka mstari wa nywele

Ukiona mabaka yenye mipaka dhahiri na magamba yaliyorundikana, yanayotokeza kwenye paji la uso au nyuma ya shingo, fikiria soriasisi. Kagua viwiko, magoti na kitovu. Kagua kucha: vitobo vidogo kama vilivyochomwa na sindano ni dalili nzuri sana ya kumwonyesha daktari. Soriasisi inatokana na kinga ya mwili kuharakisha ukuaji wa seli za ngozi, haiambukizi, na shampuu ya mba haiimalizi. Kama viungo vinauma na kukakamaa asubuhi, taja hilo hata usipoulizwa, kwa sababu ugonjwa huohuo unaweza kushambulia viungo na kuviharibu.

Kope zimevimba, masikio na shingo vinawasha, utosi hauna neno

Hii inawachanganya wengi. Ngozi ya kichwa ni nene na ngumu, ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote. Kwa hiyo mtu mwenye mzio wa shampuu au rangi ya nywele anaweza kuwa na kichwa kisicho na kasoro huku kope, masikio, mashavu pembeni na shingo vikiungua, yaani njia ileile maji ya kusuuza yanapopita. Kope pia hubeba makosa ya mikono: rangi ya kucha inaweza kusababisha mzio unaoonekana kwenye kope na si kwenye vidole, kwa sababu tunajigusa macho bila kujua.

Saa ya kuanza inasema mengi. Kikikuchoma papo hapo au ndani ya saa chache, kama dawa ya kunyoosha nywele iliyokaa mno, huo ni muunguzo wa kemikali na unaweza kumpata yeyote. Mzio hujitokeza saa 24 hadi 72 baadaye, na hutokea hata kwa kitu ulichokitumia miaka kumi bila shida. "Lakini nimekitumia siku zote" si utetezi wa bidhaa. Mwili hujifunza kukikataa kitu baada ya kukutana nacho mara nyingi.

Washukiwa wakuu ni PPD, kemikali iliyo kwenye rangi nyingi za kudumu za nywele, hasa nyeusi, na pia kwenye hina nyeusi ya kuchorea ngozi, kisha manukato, kisha vihifadhi. Ukishakuwa na mzio wa PPD kwa kawaida unabaki nao maisha yote, na mara inayofuata inaweza kuwa mbaya zaidi, uso ukavimba hadi macho yakafunga. Usijaribu tena "kidogo tu", na usijipime mwenyewe kwa rangi iliyokwisha kukudhuru.

Kwenye lebo, neno "haina harufu" si sawa na "haina manukato". Bidhaa inaweza kutiwa manukato ili kufunika harufu ya viambato vingine. Wala neno "asilia" halikulindi. Mafuta ya mimea yenye harufu kali, kama ya lavenda, ni kati ya vitu vinavyosababisha mzio.

Kwa krimu au losheni unayoishuku kidogo tu, yaani ya kupaka na kuacha, kuna kipimo cha nyumbani: paka sehemu ndogo ileile ndani ya mkono karibu na kiwiko mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Vipele vikitokea, umepata jibu. Visipotokea, huenda haina hatia. Kipimo hiki hakifai kwa shampuu wala sabuni, kwa sababu vitu vya kusuuza vikiachwa juu ya ngozi vitaichoma hata kama huna mzio navyo.

Mtoto anakuna, nywele zimekatika kwa viraka

Mtu mzima akiwa na magamba, fikiria mba kwanza. Mtoto wa umri wa shule akiwa na magamba, fikiria mapunye kwanza. Viraka visivyo na nywele, vinukta vyeusi vya nywele zilizokatikia kwenye ngozi, na tezi zilizovimba nyuma ya shingo vinatosha kumpeleka kliniki. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele alikojificha fangasi. Mapunye hutibiwa kwa dawa ya kumeza kama griseofulvini au tabinafini, kwa wiki nne hadi nane au zaidi kulingana na dawa. Shampuu ya dawa ni ya kupunguza kuwaambukiza wengine tu. Kikitokea kivimbe laini kinachotoa usaha, nenda siku hiyohiyo, maana nywele zinaweza zisiote tena mahali hapo.

Chawa ni rahisi zaidi kuwatambua. Mwasho unakaa nyuma ya masikio na kisogoni, na mayai yameng'ang'ania unywele karibu na ngozi. Gamba la mba linateleza ukilivuta, yai la chawa halitelezi. Kwa anayewapata mara ya kwanza mwasho unaweza kuchelewa wiki nne hadi sita, kwa hiyo kagua nyumba nzima hata kama ni mmoja tu anayejikuna. Dawa nyingi hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10, ili kuwapata waliokuwa bado kwenye mayai.

Vipele kwenye ndevu, kisogo na paji la uso

Nywele zilizojikunja zikinyolewa karibu sana na ngozi hurudi ndani na kuichoma. Dawa yake ni kuacha kunyoa kwa kama mwezi mmoja, kisha kubakiza nywele fupi kwa mashine badala ya wembe. Vipele vigumu vya kisogoni vinavyoanza kugeuka makovu visisubiri, kwa sababu kovu likishajengeka ni vigumu kulishusha.

Vipele vya paji la uso vinavyofanana vyote kwa ukubwa, vinawasha, na havina vichwa vyeusi vya chunusi, mara nyingi ni kazi ya Malassezia yuleyule akiwa ndani ya vinyweleo. Vikiongezeka baada ya kumeza antibiotiki, shaka hiyo inakuwa kubwa zaidi. Hapo dawa za chunusi hazisaidii sana, dawa ya fangasi ndiyo husaidia.

Mistari ya nywele inayouma na kutoa vijipele baada ya kusuka imekazwa mno. Fumua. Maumivu ya kusuka yakivumiliwa kwa miaka huishia kwenye paji lisilo na nywele. Na utosi unaowaka au kuuma huku nywele zikipungua kuanzia katikati ni jambo la daktari wa ngozi mapema iwezekanavyo, kwa kuwa ukipoteza mzizi wa unywele haurudi.

Uso uliozoea krimu

Hapa naomba usome taratibu. Krimu nyingi za kung'arisha uso, na mikorogo inayouzwa bila lebo, zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, nyingine hata zebaki. Kwa wiki za kwanza uso unakuwa laini na mng'avu kwa sababu steroidi inazima kila mwasho. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinatoka, vipele vinazunguka mdomo vikiacha ukanda mwembamba safi kando ya midomo. Ukiacha siku mbili uso unawaka kama moto. Unarudi kupaka, unatulia, unaamini bila krimu huwezi kuishi.

Kuwaka huko kunatoka kwenye krimu yenyewe. Kutaisha, lakini kunaweza kuchukua wiki hadi miezi, na kwa waliotumia kali kwa muda mrefu ni bora kupunguza chini ya uangalizi wa daktari kuliko kukata ghafla. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza hata kupandisha presha ya jicho. Aliyeanguka humo asionewe aibu, wengi walipewa tu na mtu waliyemwamini.

Usisubiri haya

Malengelenge yenye maumivu upande mmoja wa paji la uso yanaweza kuwa mkanda wa jeshi. Yakifika kwenye ncha ya pua au jicho likiwa jekundu, ni dharura ya macho. Uvimbe wa uso unaoambatana na kupumua kwa shida, au ngozi inayopata joto, kuvimba na kuuma pamoja na homa, ni hospitali sasa hivi. Mtu aliyevuka miaka 50 mwenye maumivu mapya ya ngozi ya kichwa kwenye panja, pembeni mwa paji la uso, taya linalouma akitafuna, au macho yanayofifia, aende leo, kwa sababu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Upele wa mashavu yote mawili unaoacha mikunjo ya pua ikiwa safi, pamoja na uchovu na viungo kuuma, upimwe kama ni lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Seboria hufanya kinyume, hukaa ndani ya mikunjo hiyo.

Kurudisha vitu, na siku ya kliniki

Ngozi ikitulia, rudisha bidhaa moja kwa wakati, na ukae nayo wiki mbili kabla ya nyingine. Dawa mpya ipe wiki nne, maana tabaka la juu la ngozi linahitaji karibu muda huo kujibadilisha. Kinachoanza kuchoma sana siku ya pili kisisubiriwe.

Ukienda kwa daktari, beba vifungashio vyenyewe, pamoja na picha za siku ngozi ilipokuwa mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi ikifika kliniki imetulia. Ukihitaji kipimo cha mzio, vibandiko vyenye viambato vitabandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha utarudi kusomewa tena siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo panga wiki ambayo hutalowesha mgongo. Na asubuhi ya kumwona daktari usipake mafuta kichwani wala poda usoni, ili aone magamba yalivyo na akitaka kukwangua sampuli ya fangasi aipate.